Kikopo cha Mkojo Kabla ya Kidonge

Kazi yangu ni ya maabara. Katika hospitali ninayofanyia kazi, mkoani Tanga, asubuhi nyingi hunikuta kwenye meza ya mkojo, na kwa miaka mingi nimepokea vikopo vya wajawazito wanaotoka kliniki bila kuwaona sura wenyewe. Ninachokiona ni jina, umri na wiki za mimba, vyote vikiwa vimeandikwa kwa haraka kwenye fomu. Nilipobeba mimba ya pili, kikopo kimojawapo kikawa changu. Mwaka huohuo wifi yangu, mdogo wake mume wangu, alikuwa na mimba yake ya kwanza, miezi michache nyuma ya yangu, na sote wawili tulipata maambukizi ya njia ya mkojo. Mimi sikuumwa hata siku moja, nikatibiwa mapema. Yeye aliumwa, akajitibu kwa namna ambayo nyumba nyingi za kwetu hujitibu, na hatimaye akalazwa. Mimba hizi mbili zilinionyesha kwa karibu jambo nililokuwa nikilijua kwa vitabu tu: kwamba dawa ya UTI kwa mjamzito huchaguliwa kwa kuuliza mkojo, kwa sababu mara nyingi mwili wake wenyewe hausemi kitu.

Katika hudhurio la kwanza nilipimwa kama wanavyopimwa wajawazito wote: uzito, shinikizo la damu, wingi wa damu, VVU, kaswende na malaria, kisha muuguzi akachovya kijiti kwenye mkojo wangu, akasoma protini na sukari. Vyote vilikuwa sawa na kadi yangu ikajazwa vizuri. Muuguzi yule alifanya alichoelekezwa kufanya, tena kwa upole, lakini mimi nilijua kijiti kile kinafika wapi na hakifiki wapi. Hata vijiti vyenye visanduku vingi, ambavyo husoma naitraiti na chembe nyeupe za damu kama dalili za maambukizi, vinamtegea mjamzito mitego miwili. Naitraiti hutokea pale bakteria wanapobadilisha naitreti iliyomo kwenye mkojo, na kazi hiyo huhitaji mkojo ukae kwenye kibofu kwa takriban saa 4. Sasa mjamzito anayekwenda haja ndogo kila baada ya muda mfupi, usiku na mchana, atazipata wapi saa 4 hizo? Chembe nyeupe nazo huonekana kwa urahisi kutokana na ute wa ukeni, ambao huongezeka wakati wa mimba, hata kama kibofu ni safi kabisa. Kwa hiyo kijiti kinaweza kumwambia mgonjwa kuwa ni mzima, na mzima kuwa ni mgonjwa, katika asubuhi moja.

Nilimwomba daktari wa kliniki aniandikie kipimo cha kuotesha mkojo, yaani kuwakuza bakteria waliomo kwenye sahani ya maabara mpaka waonekane. Alinitazama kwa mshangao kidogo, kwa sababu sikuwa na malalamiko yoyote, kisha akakumbuka ninafanya kazi wapi, akacheka, akaandika. Sikuwa ninaomba upendeleo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 kuhusu huduma kwa wajawazito unataja kuotesha mkojo kuwa ndiyo njia inayopendekezwa ya kutafuta bakteria kwa mjamzito asiye na dalili, na pale ambapo huduma hiyo haipo, unapendekeza mkojo upakwe rangi ya Gram, inayowafanya bakteria waonekane, na kutazamwa kwa hadubini badala ya kutegemea kijiti. Katika vituo vyetu vingi kuotesha hakupo kabisa, na hata palipo na maabara kubwa, wengi huandikiwa kipimo hicho baada ya dawa mbili tatu kushindwa.

Hapa niseme kidogo juu ya kikopo chenyewe, kwa sababu sehemu kubwa ya majibu mabaya ninayoyaona huanza kabla mkojo haujafika mezani kwangu. Wajawazito huleta mkojo kwenye vichupa vya dawa za watoto vilivyosuuzwa, kwenye vikopo vya mafuta ya kujipaka, na safari moja kwenye chupa ya soda iliyokuwa na harufu yake bado. Kikopo kinachofaa ni kile kisafi chenye mfuniko kinachotolewa maabara. Mama hujisafisha kwa maji safi kutoka mbele kwenda nyuma, hupanua mashavu ya uke kwa vidole, huuachia mkojo wa mwanzo uende chooni, hukinga ule wa katikati bila kikopo kugusa ngozi, kisha humalizia chooni. Mimi nilikuwa nimewaeleza wanawake wengi maneno hayo kupitia dirishani kana kwamba ni jambo la kupepesa jicho. Nilipoingia mwenyewe kwenye choo cha kuchuchumaa, mkono mmoja ukiwa umeshika kikopo na mwingine ukifanya kazi yake, bila ndoano ya kuning'iniza mkoba wala mahali pa kuweka mfuniko, ndipo nilipoelewa kwa nini vikopo vingi hurudi na chembe za ngozi zilizojaa. Mkojo uliokingwa vizuri nao una saa zake: usipopandwa ndani ya saa 2 uwekwe kwenye jokofu, la sivyo bakteria wachache waliomo huzaliana kwenye kikopo, na majibu huhesabu walioongezeka humo badala ya wale waliokuwa kwenye kibofu.

Mwenzangu wa zamu aliupanda mkojo wangu. Kitanzi tunachotumia hubeba mikrolita 1 tu, tone dogo lisiloonekana vizuri kwa macho, na tone hilo hutandazwa juu ya sahani yenye aga, yaani rojo iliyoganda ya kulishia bakteria, ya rangi ya kijani iliyoelekea buluu. Sahani huwekwa kwenye inkubeta kwa joto la nyuzi 37 hadi kesho yake. Nilipoifungua sahani yangu asubuhi ilikuwa imegeuka ya manjano karibu yote, kwa sababu bakteria waliomo walikuwa wanakula laktosi, sukari ya maziwa, na kutengeneza asidi inayobadilisha rangi ya aga, na juu yake makoloni, yaani mafungu ya bakteria, ya duara na laini, yalikuwa yamebanana kiasi cha kugusana. Hesabu ni rahisi: makoloni 100 kutoka kwenye mikrolita 1 ni sawa na bakteria 100,000 kwa kila mililita, na sahani yangu ilivuka hapo kwa mbali. Alikuwa Escherichia coli, yuleyule anayeishi kwenye utumbo wa kila mtu na anayesababisha sehemu kubwa ya maambukizi ya njia ya mkojo. Kiwango hicho cha 100,000 tunakirithi kutoka kwa Edward Kass, daktari wa Boston, ambaye katika miaka ya 1950 alionyesha kwamba idadi ya bakteria inaweza kutenganisha maambukizi ya kweli na uchafu uliodondokea kikopo, kisha akaendelea kuwafuatilia wajawazito waliokuwa na bakteria bila kuumwa. Mimi, ambaye sikuwa na maumivu ya kukojoa wala homa, nilikuwa mmoja wa wanawake wa namna hiyo. Utafiti uliofanyika Bugando, Mwanza, na kuchapishwa mwaka 2009, ulikuta bakteria kwa asilimia 13 ya wajawazito wasio na dalili, kwa hiyo sikuwa wa ajabu.

Siku iliyofuata ndiyo niliyokuwa nikiisubiri zaidi, maana kujua jina la bakteria hakutoshi bila kujua ni dawa gani inamuweza. Tunamtandaza bakteria huyo kwenye sahani nyingine, tunapanga juu yake diski ndogo za karatasi zilizoloweshwa dawa, kila moja ikiwa na upana wa milimita 6, na kesho yake tunapima kwa rula duara tupu lililobaki kuzunguka kila diski. Kwenye diski ya ampisilini hapakuwa na duara lolote. Bakteria walikuwa wameota mpaka ukingoni mwa karatasi, kama nyasi zinavyoota mpaka ukutani. Kwenye kotrimoksazoli, ambayo wengi wetu tunaiita Septrin, ilikuwa vilevile. Kwenye nitrofurantoini palikuwa na duara pana, safi, na kwenye seftriaksoni pia. Ampisilini na amoksilini ni ndugu, kwa hiyo sahani ile ilikuwa imenieleza kwamba zile kapsuli za amoksilini za rangi mbili zinazopatikana katika kila duka la dawa mtaani kwetu zisingenisaidia kitu.

Daktari alinikalisha, akanieleza kwa utaratibu, nami nilimsikiliza kama mgonjwa mwingine yeyote. Wakati wa mimba, homoni ya projesteroni hulegeza misuli ya mirija inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo, na mfuko wa uzazi unavyokua huibana mirija hiyo, hasa ya upande wa kulia, kwa hiyo mkojo hutuama mahali ambapo zamani ulikuwa ukipita. Bakteria waliotulia kwenye kibofu hupata njia ya kupanda hadi figo. Tafiti za zamani zilionyesha kwamba wajawazito wenye bakteria bila dalili wasipotibiwa, kati ya asilimia 20 na 35 huishia kupata maambukizi ya figo, na maambukizi ya figo huweza kuleta uchungu wa mapema, mtoto njiti, na sumu ya maambukizi kwenye damu ya mama. Alikuwa mkweli kunieleza pia kwamba utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2015, kwa wanawake wenye mimba zisizo na hatari nyingine, ulipata idadi ndogo zaidi: asilimia 2.4 ya wenye bakteria ambao hawakutibiwa walipata ugonjwa wa figo, ikilinganishwa na asilimia 0.6 ya wasio na bakteria. Nilimuuliza kwa nini basi anataka kunitibu. Akajibu kwamba wale walikuwa wanafuatiliwa kwa karibu, hospitali ikiwa jirani na mlango wao, na kwamba hata kwa hesabu hiyo ndogo hatari ilikuwa mara nne. Sijakutana na jibu bora zaidi ya hilo, ingawa ninakubali kwamba mjadala huo haujaisha.

Kisha tukaja kwenye dawa, na hapo ndipo nilipoona jinsi mwezi wa mimba unavyogeuza kila kitu. Doksisaiklini na ndugu zake wa jamii ya tetrasaiklini hazitumiki, kwa sababu huingia kwenye mifupa na meno ya mtoto. Siprofloksasini, ambayo mtaani hutolewa kwa UTI kama peremende, huepukwa kwa hofu ya gegedu za mtoto. Septrin ina trimethoprimu inayopingana na asidi ya foliki, kwa hiyo si dawa ya miezi mitatu ya kwanza, na ina salfa, ambayo karibu na kujifungua huweza kumzidishia mtoto manjano. Tena mimi nilikuwa nimekwisha kumeza SP ya kukinga malaria kliniki, ambayo nayo ni salfa, na dawa hizo mbili hazipaswi kupangwa pamoja. Amoksilini na sefaleksini ni salama kwa mimba ikiwa bakteria anasikia dawa, yaani dawa inamuweza, lakini wa kwangu alikuwa haisikii amoksilini. Nitrofurantoini ilifaa kwa sababu nilikuwa katika mwezi wa nne. Mwishoni mwa mimba, kuanzia wiki ya 38 hivi, huachwa, kwa kuwa inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu za mtoto mchanga. Aliniuliza kama katika ukoo wetu kuna mtu aliyewahi kuambiwa ana upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, upungufu ambao si wa nadra katika sehemu zenye malaria kama pwani yetu, kwa sababu mwenye upungufu huo nitrofurantoini inaweza kumuangamizia damu hata akiwa mtu mzima. Tulipima, tukakuta nipo salama. Akaandika miligramu 100 mara mbili kwa siku, kwa siku 7, baada ya chakula.

Nyumbani nilipokelewa na mama mkwe wangu, ambaye wakati huo alikuwa anaishi nasi. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akauliza mfuko wa khaki mkononi mwangu una nini. Nilipomweleza, alinyamaza kwanza, halafu akasema kwa sauti ya taratibu:

"Mwanangu, dawa hunywa mgonjwa. Wewe unaumwa wapi?"

"Siumwi, mama. Wadudu wameonekana kwenye mkojo."

"Kwenye mkojo wa nani hawapo? Kunywa madafu, utaona wanatoka wenyewe. Kumlisha mtoto sumu tumboni kwa jambo ambalo hata hulisikii, mimi sijaliona."

Sikubishana naye, kwa sababu hofu yake haikuwa ya kijinga. Mwanamke mwenye akili timamu anapaswa kuogopa kidonge chochote kwenye mimba mpaka aelezwe. Madafu nayo sina ugomvi nayo. Ni maji matamu na mjamzito anahitaji maji, lakini hayaui bakteria, na sahani yangu ya manjano ilikuwa imeota wakati mimi ninakunywa dafu karibu kila jioni. Kilichonishangaza ni kitu kingine. Juu ya kabati la vyombo, katika kopo la plastiki lililokuwa na sindano za kushonea na vifungo, mama mkwe alikuwa na kapsuli za rangi mbili zilizobaki kutoka kwa mgonjwa fulani wa zamani, na hizo hazikumtia hofu hata kidogo. Mtu akikohoa alipewa mbili, mtoto akipata kidonda hufunguliwa kapsuli moja na unga wake kunyunyiziwa juu. Antibiotiki iliyoandikwa na daktari baada ya kipimo ilikuwa sumu, na ileile iliyokaa kwenye kopo bila jina wala tarehe ilikuwa dawa ya nyumba. Nimeliona jambo hili katika nyumba nyingi tangu nianze kulitazama, na nadhani ndilo linalotufanya tutumie dawa hizi kidogo mno pale zinapohitajika na kwa wingi mno pale zisipohitajika.

Nilimeza dozi yangu yote. Siku za mwanzo nilisikia kichefuchefu, kikapungua nilipohamisha kidonge cha asubuhi kutoka kabla ya uji hadi baada ya chakula kizito. Mkojo uligeuka rangi ya chai ya rangi, jambo ambalo daktari alikuwa amenionya mapema, na lau asingenionya, nina hakika mume wangu angenirudisha hospitali siku ya pili. Wiki moja baada ya kumaliza nilipeleka kikopo kingine, na safari hii sahani ilibaki na rangi yake. Kipimo hiki cha kurudia ndicho kinachosahaulika kuliko vyote. Mama asiye na dalili hawezi kujua kwa kujisikia kama amepona, kwa kuwa hakuwahi kujisikia mgonjwa. Daktari alinitaka nirudie tena nilipokaribia miezi ya mwisho, kwa sababu aliyepata mara moja katika mimba huweza kupata tena.

Wifi yangu alikuwa anaishi kwa mumewe, wilaya ya jirani. Alipofika mwezi wa sita alianza kusikia moto wakati wa kukojoa na maumivu chini ya kitovu. Majirani walimwambia ni chango, akapewa mizizi ya kuchemsha, kisha mumewe akaenda duka la dawa, akaeleza kwamba mkewe ana UTI, akapewa kapsuli za rangi mbili za siku chache. Hakuna aliyeuliza mimba ina miezi mingapi, wala aliyetaja neno mkojo kwa maana ya kuupima. Nisiwe mkali sana hapa: zahanati ya karibu ilikuwa mbali kwa miguu, haikuwa na maabara ya kuotesha, na muuza dawa alitoa kitu ambacho kwa mjamzito si hatari chenyewe. Ubaya wa amoksilini kwa wifi haukuwa kumdhuru mtoto. Ubaya wake ulikuwa kupunguza moto wa mkojo kidogo, akadhani amepona, akaziacha kapsuli zilizobaki, huku bakteria wakiendelea kupanda taratibu.

Mnamo mwezi wa saba tulipigiwa simu usiku. Alikuwa anatetemeka kiasi cha meno kugongana, ana homa kali, anatapika, na upande wa kulia wa mgongo, chini ya mbavu, hakuweza kuguswa. Kwenye zahanati walimpima malaria kwa kipimo cha haraka, hakikuonyesha kitu, na kwa sifa zao hawakumpa dawa ya malaria ya kubahatisha kama ilivyokuwa desturi zamani. Tabibu wa zamu aligonga kwa ngumi taratibu pale juu ya figo, wifi akapiga kelele, naye tabibu akaandika rufaa papo hapo. Alipofika hospitali tumbo lilikuwa limeanza kubana na kuachia.

Mimi nilikuwa na tumbo langu kubwa, lakini nilikwenda. Jambo la kwanza nililouliza, na nilijua naonekana mtu wa ajabu kuliuliza kabla ya salamu, ni kama mkojo umechukuliwa kabla ya sindano ya kwanza. Ulikuwa umechukuliwa. Dozi moja tu ya antibiotiki yenye nguvu inaweza kuifanya sahani isiote kitu, na hapo daktari hubaki akitibu gizani. Walimwekea maji ya mshipa na seftriaksoni kwa sindano, wakampa dawa ya kushusha homa, wakamfuatilia mapigo ya mtoto. Ndugu mmoja wa mumewe aliniuliza kwa nini asipewe vidonge vilevile vilivyonisaidia mimi, navyo ni rahisi. Swali lake lilikuwa zuri, na jibu lake wachache hulijua: nitrofurantoini hujikusanya kwenye mkojo na kufanya kazi yake kwenye kibofu, lakini haifiki kwa kiwango cha kutosha ndani ya nyama ya figo, kwa hiyo figo ikishashikwa dawa hiyo huwa imechelewa. Mjamzito mwenye maambukizi ya figo hutibiwa akiwa wodini, kwa dawa ya mshipa, mpaka homa imtoke kwa siku moja hadi mbili, ndipo ahamishiwe vidonge kukamilisha siku 14.

Siku ya pili majibu ya kuotesha yalitoka. E. coli tena, haisikii ampisilini, haisikii Septrin, inasikia seftriaksoni na sefaleksini. Homa ilishuka siku ya tatu. Tumbo lilitulia lenyewe maji yalipokwisha kumjaa mwilini na homa ilipoondoka, kama inavyotokea kwa wengi wanaowahi. Aliruhusiwa akiwa na sefaleksini ya kumalizia, na kwa kuwa figo ilikuwa imeguswa, daktari alimwandikia baadaye nitrofurantoini dozi ndogo, kidonge kimoja kila usiku, mpaka wiki ya 36, ili ugonjwa usirudi. Mama mkwe, aliyekaa naye wodini usiku na mchana, ndiye aliyekuwa akimkumbusha kidonge hicho. Mtoto wa kike alizaliwa mimba ikiwa imetimia. Wangu wa kiume alikuwa amemtangulia.

Ingekuwa rahisi kumalizia kwa kusema kila mjamzito apewe antibiotiki, na wapo wanaofanya hivyo. UTI imekuwa jina la kila kitu. Mtu akienda na kichwa kinauma anarudi na karatasi iliyoandikwa UTI na taifodi, na wajawazito hawajaachwa. Kila wiki ninaletewa fomu inayoeleza kwamba mama anatumia dawa kwa sababu chembe chache za usaha zilionekana kwenye hadubini, na ninapoupanda mkojo wake hakuna kinachoota, au kinaota mchanganyiko wa aina tatu nne za bakteria wa ngozi na uke, ambao ni ishara ya kikopo kilichokingwa vibaya. Mwanamke huyo alimeza dawa ambayo hakuihitaji, bakteria wa utumboni mwake wakapata mafunzo ya kuizoea, na siku atakapoumwa kweli sahani yake itafanana na yangu. Huo ndio usugu wa vimelea dhidi ya dawa tunaohubiriwa kwenye mabango. Kwenye meza yangu una umbo la diski isiyo na duara.

Tangu mwaka ule tumeweka ndoano na rafu ndogo kwenye choo cha kukingia mkojo, na picha iliyochorwa kwa mkono inayoonyesha mkojo wa mwanzo, wa katikati na wa mwisho. Vikopo vyenye mchanganyiko wa uchafu vimepungua. Daktari wa kliniki naye ameanza kuandika kuotesha kwa kila mjamzito aliyewahi kupata UTI, mwenye kisukari na mwenye selimundu, kwa kuwa sahani hazitutoshi kwa wote.

Wifi sasa ana mimba ya pili. Alikuja hospitalini mwenyewe mwezi wa tatu, akaomba kikopo dirishani kabla sijamwona, na sahani yake haikuota kitu. Daktari hakumpa dawa yoyote. Amemwambia alete kikopo kingine kila mwezi kwa sababu ya historia ya figo, na aje siku hiyohiyo akisikia moto wa kukojoa au homa, bila kupitia dukani; wifi amemuuliza kama anaweza kuukinga nyumbani alfajiri, wakakubaliana kwamba kwa umbali wa kwao mkojo utachelewa, kwa hiyo anaukingia hapahapa kwetu.